Niko kwenye dozi ya TB na vidonge vya majira, na siku zangu hazijaja

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Mbagala na mume wangu, mtoto wetu wa miaka miwili na nusu, na mama mkwe aliyekuja kutoka kijijini kunisaidia tangu nilipoanza kuugua. Nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, narudi saa mbili usiku, siku ya foleni mbaya saa tatu.

Kikohozi kilinianza taratibu, nikakihangaikia kwa dawa za dukani mwezi mzima. Mwisho nikapimwa makohozi, nikaambiwa ni TB ya mapafu, nikaanzishiwa dozi ya miezi sita. Namshukuru Mungu, sikohoi tena na nguo zimeanza kunikaa. Sasa niko mwishoni mwa wiki ya nane.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu mtoto alipotimiza mwaka natumia vidonge vya majira, pakiti ya vidonge 28, vyeupe 21 na vya kahawia saba. Mume wangu anajua, tulikubaliana mtoto wa pili aje huyu akifika miaka minne. Mama mkwe hajui. Yeye kila siku anauliza mdogo wake huyu yuko wapi. Siku ya kwanza kwenye kitengo cha TB, nesi aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni kwangu, maana yeye ndiye aliyeandikwa kunisimamia ninywe dawa kila siku. Nikajibu hapana.

Wiki za mwanzo dawa zilinisumbua sana, asubuhi natapika. Nikahamishia vidonge vya majira usiku ili visigongane na zile za TB. Lakini usiku nikirudi nimechoka nasahau, nakumbuka kesho yake nakunywa viwili. Pakiti ya kwanza baada ya kuanza dozi nilipata matone ya damu katikati ya mwezi, kitu ambacho hakijawahi kunitokea. Sikukijali.

Pakiti hii ndiyo iliyoharibika. Nilianza Jumapili. Ijumaa tukapata msiba Mkuranga, nikaondoka mbio bila vidonge. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili sikunywa. Jumatatu jioni niliporudi nikanywa viwili, na usiku ule ule nilikutana na mume wangu. Tumeendelea kukutana bila kondomu, mara ya mwisho Alhamisi ya wiki iliyopita. Baada ya hapo nikaanza kuogopa, nikawa nasingizia uchovu.

Leo Jumamosi nimekunywa kidonge cha mwisho cha kahawia na damu haijatoka. Jumanne nilinunua kipimo duka la dawa, kikatoka mstari mmoja. Jirani yangu anasema nisikiamini, ninywe P2 mbili na maji makali ya tangawizi. Anasema pia kama ni mimba niache dawa za TB haraka kwa sababu zitamlemaza mtoto.

Shangazi, nina mimba? Na hizi dawa niache?

Wako, Mwenye Hofu, Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu. Barua yako imenifikia usiku huu wa Jumamosi nami nakujibu usiku huu huu, kwa sababu ya hilo swali lako la mwisho. Dawa za TB usiache. Kesho asubuhi amka uzinywe kama kawaida, na kesho kutwa vilevile. Hata ikithibitika una mimba, utaendelea kuzinywa. Dozi ya kawaida ya miezi sita, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wajawazito. Dawa ya TB inayojulikana kudhuru mtoto tumboni ni sindano ya streptomaisini, ambayo huweza kuharibu masikio yake, nayo haimo katika vidonge unavyokunywa. Kinachomtesa mama na mtoto aliye tumboni ni TB isiyotibiwa, au iliyotibiwa nusu kisha ikarudi ikiwa sugu. Jirani yako anakupenda, ila kwa hili amekosea, na kosa lake lingeweza kukugharimu mapafu.

Sasa tuje kwenye hofu yako.

Siwezi kukuambia una mimba au huna. Naweza kukuambia kwamba wasiwasi wako una msingi, tena misingi miwili, na huo mdogo ndio unaokunyima usingizi.

Mdogo ni vile vidonge ulivyovisahau. Kidonge kimoja au viwili vyeupe vikikupita, unakunywa mara unapokumbuka, unaendelea na ratiba, na kwa kawaida kinga haivunjiki. Vikifika vitatu mfululizo, kama ulivyofanya wewe, habari ni nyingine: unakunywa kimoja palepale, unaendelea na vilivyobaki, na kwa siku saba zinazofuata unatumia kondomu au unajizuia. Tena angalia ulivisahau wapi. Siku saba za vidonge vya kahawia hazina homoni, ni madini ya chuma tu, na katika siku hizo vifuko vya mayai huanza kuamka. Ukishaanza pakiti mpya vinahitaji kama siku saba za vidonge vyeupe mfululizo ili vilale tena. Wewe ulikunywa vitano, msiba ukaingia, ukaacha vitatu. Hapo ni pabaya kuliko kusahau katikati ya pakiti. Usiku ule wa Jumatatu ulikuwa wa kondomu, mwanangu, na kama ungeniandikia Jumanne yake tungekuwa tunazungumzia kinga ya dharura.

Takwimu za vidonge hivi zinaeleweka vizuri nikiziweka hivi: wanawake 100 wakivinywa bila kukosea hata siku moja, kwa mwaka hapati mimba hata mmoja, au anapata mmoja. Wakivinywa kama watu wanavyovinywa kweli, na misiba, na foleni, na kuchoka, wanapata kama saba. Kwa hiyo usijione mzembe kuliko wenzako. Kidonge cha kila siku kinataka maisha yenye ratiba, na wewe unatoka nyumbani nyota zikiwa juu.

Msingi mkubwa ni ule usioujua. Hata kama usingesahau kidonge hata kimoja, vidonge vya majira visingekulinda sawasawa tangu ulipoanza dozi ya TB.

Wewe ni mtu wa Kariakoo, utanielewa nikisema hivi. Ini ndilo linaloshusha mizigo ya dawa mwilini. Kwa kawaida homoni za kidonge zinashushwa na makuli wawili watatu, polepole, ndiyo maana kidonge kimoja kinatosha mpaka kesho saa ile ile. Rifampisini ikiingia huita makuli wengine ishirini. Mzigo uliotakiwa kukaa kutwa unamalizwa mapema, na damu inabaki na homoni kidogo isiyoweza kulaza vifuko vya mayai. Jambo hili si jipya. Madaktari Ujerumani waliligundua mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipoona wagonjwa wa TB wanaotumia vidonge wanapata damu ovyo ovyo na wengine wanashika mimba. Yale matone yako ya katikati ya mwezi, ambayo hayakuwahi kukutokea, huenda yalikuwa mwili unakuambia homoni zimepungua.

Kuhamishia vidonge usiku hakukusaidia kwa hilo. Hazigongani tumboni, zinagongana kwenye ini, na ini likishaamshwa na rifampisini halirudi kulala ndani ya saa kumi na mbili wala siku mbili. Hata ukimaliza dozi yote, athari hiyo huchukua kama wiki nne kuisha.

Kutapika nako kuna hesabu yake. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza kidonge cheupe, unameza kingine. Ukitapika au kuharisha kupita siku mbili, unajihesabu kama uliyesahau. Na kama kutapika kutarudi, halafu macho yakawa ya manjano, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, maana dawa za TB huweza kulichosha ini lenyewe. Mkojo wa rangi ya chungwa peke yake usikutishe, hiyo ni rangi ya rifampisini.

Kuhusu kipimo chako cha Jumanne. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni ya mimba, na homoni hiyo inahitaji muda kupanda. Jibu la "hakuna" unaliamini zikishapita siku 21 tangu mlipokutana bila kinga. Toka Jumatatu ile hadi Jumanne uliyopima ni siku 15. Ulipima mapema, mstari mmoja ule haujasema lolote. Jumatatu hii inayokuja zinatimia siku 21 za usiku ule. Pima asubuhi, mkojo wa kwanza, kabla hujanywa maji. Ikitoka mistari miwili, una jibu. Ukitoka mmoja, bado kuna ile Alhamisi ya mwisho, na siku zake 21 hazitimii Alhamisi hii ijayo bali ya wiki inayofuata. Siku hiyo utapima tena, na jibu la siku hiyo ndilo utakalolilalia, alimradi katikati hapa hukukutana na mumeo bila kondomu.

Kutoona damu kwenye vidonge vya kahawia si uthibitisho wa mimba. Inatokea kwa wengi wanaotumia vidonge, na mwili uliotoka kuugua na kukonda huvuruga tarehe wenyewe. Na kinyume chake ni kweli pia, kuona damu kidogo si uthibitisho kwamba huna.

P2 usinywe, si moja wala mbili. P2 huzuia yai lisitoke, inatakiwa ndani ya siku tatu, ikizidi sana tano, na kila siku inayopita nguvu inapungua. Siku zako zimepita. Mimba iliyokwisha kushika haiitoi. Isitoshe rifampisini inaipunguza nguvu kama inavyovipunguza vidonge vya majira, na kwa mwanamke aliye kwenye dozi ya TB kinga ya dharura ya kuaminika ni kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya siku tano. Tangawizi weka kwenye chai.

Jumatatu hiyo hiyo baada ya kupima, nenda kituoni unakochukulia dawa. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu tatizo lako lilianzia kwenye kile kiti karibu na mama mkwe.

Nimekuwa mkunga miaka mingi. Kituo kimoja nilichofanyia kazi tulikuwa na fomu yenye swali hilo hilo, unatumia dawa nyingine yoyote? Niliwauliza wanawake wengi, wakajibu hapana, nami nikaandika hapana. Siku moja mama mmoja aliyekuwa kwenye dozi kama yako alirudi na mimba ya miezi mitatu asiyoitaka, akafungua pochi kunionyesha pakiti ya vidonge, analia, "mbona nilikuwa nakunywa kila siku?" Alikuwa nayo kwenye pochi siku ile nilipomuuliza. Sikumsamehe mtu kwa hilo, nikianza na mimi mwenyewe, kwa sababu niliuliza mumewe akiwa amesimama mlangoni. Tangu hapo nilikuwa natoa watu nje kwanza, halafu nauliza kwa majina: vidonge vya majira, sindano, kijiti? Maana wanawake wengi hawaviiti dawa. Dawa ni ya mgonjwa, na mtu anayepanga uzazi haumwi.

Kwa hiyo hukusema uongo kwa ubaya. Uliulizwa mahali usipoweza kujibu. Jumatatu mwambie nesi, "Naomba nizungumze na wewe peke yangu." Maneno hayo yanatosha, huna haja ya kutoa sababu mbele ya mtu, na anayoambiwa nesi hana ruhusa ya kumpelekea mama mkwe. Mama mkwe wako aliacha shamba lake akaja kukukumbusha vidonge kila alfajiri, huo ni upendo, mshukuru. Lakini kusimamia dozi yako hakumpi haki ya kujua mnapanga watoto lini. Akiuliza tena mdogo wake yuko wapi, mumeo ndiye amjibu. Ni mama yake. Amwambie, "Mama, mke wangu apone kwanza."

Mumeo mwenyewe mwambie leo kwa nini unasingizia uchovu. Mlikubaliana pamoja kuhusu vidonge, haifai awe nje ya hofu hii.

Nesi akishajua, atakubadilishia njia ya uzazi wa mpango, hataibadilisha dozi ya TB. Ile pakiti mpya ambayo ungeifungua kesho, iweke kabatini, isikupe moyo wa kuacha kondomu. Njia mbili hazitikiswi na rifampisini. Ya kwanza ni sindano ya miezi mitatu, inabaki na nguvu yake na huhitaji kuisogeza karibu, na kwa mtu anayerudi saa tatu usiku ni nafuu kubwa. Ubaya wake kwako ni mmoja: ukiiacha, uzazi huchelewa kurudi, kwa wengi miezi kadhaa, wengine karibu mwaka. Huyu wenu ana miaka miwili na nusu na mnataka mwingine akifika minne, basi lipigieni hesabu hilo. Ya pili ni kitanzi cha shaba, hakina homoni kabisa, hivyo ini halina mzigo wa kushusha, kinakaa miaka 10 au zaidi na siku kikitolewa uzazi unarudi. Kinaweza kukuongezea damu na maumivu ya hedhi miezi ya mwanzo, kwa hiyo waambie wakupime wingi wa damu kwanza, umetoka kuugua. Mimi ningekuwa wewe ningechagua kitanzi.

Watu watakusifia kijiti, na ni njia nzuri sana kwa mwanamke asiye na dozi hii. Kwako hapana kwa sasa, rifampisini inakipunguza nguvu nacho pia. Ukimaliza miezi sita na ukaongeza wiki nne za ini kutulia, utachagua chochote upendacho, hata kurudi kwenye vidonge. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure, na popote uonapo alama ya Nyota ya Kijani wanaitoa.

Na ikiwa Jumatatu mistari itakuwa miwili? Vidonge vya majira ulivyokunywa bila kujua havimlemazi mtoto, hilo limeangaliwa kwa miaka mingi. Utaanza kliniki ya wajawazito mapema, kule utasema uko kwenye dozi ya TB, na kitengo cha TB utasema una mimba, wote wawili wajue. Watakupa vidonge vya kuongeza damu, na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu dhidi ya isoniazidi kama bado hujapewa. Ukisikia maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, au damu ikitoka na maumivu, usiende duka la dawa, nenda hospitali moja kwa moja, Temeke iko karibu nawe. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo haingoji asubuhi.

Najua wapo wanaosoma hapa ambao hawana TB lakini wanajiuliza. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hufanya kama rifampisini, na kwa kuwa zinanywewa miaka na miaka, msibaki kwenye vidonge bila kuzungumza na daktari. Walio kwenye ARV zenye efavirenzi waulize pia, hasa wenye kijiti. Dolutegravir haina shida na vidonge, ila mwenye kuitumia akianza dozi ya TB anaongezewa kiasi cha dolutegravir anachokunywa, kwa hiyo hapo napo lazima kila upande ujue. Amoksilini, doksi na Flajili, ambazo watu wanazilaumu kila siku, hazivunji kinga ya vidonge vya majira, isipokuwa zikikuharisha au kukutapisha.

Mwanangu, nunua vipimo viwili kabisa, kimoja cha Jumatatu, kimoja cha Alhamisi ile. Kisha niandikie, mstari ukiwa mmoja au miwili.

Shangazi yako